Kazungu Yupi?

Boma la wakwe zangu liko Dabaso, ndani kidogo ukishaiacha barabara ya lami itokayo Gede kwenda Watamu, upande ule unaoteremka kwenye mikoko ya hori la Mida. Lina mkorosho mkubwa, nyumba kadhaa za makuti, moja ya mabati inayoringiwa, na jina moja la kiume ambalo halipumziki. Jina hilo ni Kazungu. Baba mkwe ni Kazungu. Mwanangu ni Kazungu. Kijana wa shemeji yangu Kahindi, yule mwendesha bodaboda, naye ni Kazungu. Nilipoolewa kutoka Shela ya Malindi, wifi zangu walinieleza mengi: nani hali kitoweo gani, nani hakopeshwi, na kuku yupi wa mama mkwe asiguswe hata kwa macho. Hakuna aliyeniambia kwamba nitazaa mtoto nisiyeweza kumtukana.

Kwa Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume hatafutiwi jina. Linamngoja tangu babake hajabalehe. Yeye ni babu yake mzaa baba, basi; anayemfuata huchukua la ndugu ya babu. Na kama baba ana wana wengi, kila mmoja akioa akajaliwa mvulana, kila mmoja humrudisha mzee yule yule. Ndiyo sababu binamu wa boma moja huitikia mwito mmoja. Vizazi navyo hupokezana: Charo alimzaa Kazungu, Kazungu akamzaa Charo, ambaye ndiye mume wangu, Charo akamzaa Kazungu, na huyu wangu, akikua akaoa, tayari anajua mwanawe ni nani. Mimi sijamwona mkaza mwanangu, lakini jina la mjukuu wangu ninalo.

Zamani haikuwa na taabu. Ukisema Kazungu utaulizwa, "Wa nani?" ukajibu wa Charo au wa Kahindi, mambo yakaendelea. Kilichotuponza ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinataka jina la mtoto na jina la babake, kwa hivyo mwanangu akaandikwa Kazungu Charo. Na baba mkwe, tangu kitambulisho chake cha kwanza, ameandikwa Kazungu Charo. Herufi kwa herufi. Mmoja meno yamekwisha kutoka, mwingine ya utoto ndiyo kwanza yanamtoka, na ukiwaandika kwenye daftari hakuna karani duniani atakayekwambia huyu ni nani na yule ni nani.

Mamangu kule Shela alidhani atatuokoa. Siku ya akika alishuka kwenye tuktuk na jina zuri la Kiislamu, amelitafuta kwa masheikh, akalitangaza mbele ya watu, na huko chuoni ndilo linalotumika mpaka leo. Dabaso halijavuka hata mlango wa uani. Mama mkwe alilisikiliza kwa adabu, akalisifu, kisha akamchukua mtoto na kumwambia, "Haya mume wangu, twende tukaote jua."

Mkasa wa kwanza ulikuwa wa tui. Nimekuna nazi, nimekamua tui zito nikaliweka pembeni kwenye bakuli, juu ya kigoda, nikawa nachochea moto. Mtoto akatoka mbio anafukuza mpira wa matambara, akalipiga bakuli teke, tui lote likanywewa na mchanga. Nazi ya mwisho, nyumba nzima. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika Gede: "Kazungu! Mwana hasara we! Akili umeziacha wapi?"

Chini ya mkorosho baba mkwe alikuwa akisuka makuti. Mikono ikasimama. Akageuka taratibu, akanitazama, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Naam, mama."

Mama mkwe alitoka jikoni kwake na upawa mkononi. "Mwanangu," akanambia, "hapa mtoto hatukanwi. Ukimtukana, unamtukana mwenye jina."

"Mama, huyu ni mwanangu nimemzaa mimi."

"Wako kwa tumbo. Kwa jina ni mume wangu."

Na hilo halikuwa fumbo la kuninyamazisha tu. Bibi na mjukuu mwenye jina la babu wana utani wao, na mwanangu aliujua mapema faida yake. Kila samaki akiiva humwona anavuka uwanja kwenda jiko la pili, mikono nyuma, anakohoa kama mzee, "Mke wangu, kitoweo kiko wapi?" Naye hupewa kichwa cha changu chenye macho yote mawili, huku mimi na babake tukigawana mkia. Tangu siku ya tui namwita Baba. Sasa nikisema, "Baba, njoo hapa," wanasimama wawili, na mume wangu akiwa nyumbani wanasimama watatu. Ila angalau matusi yamepungua.

Jina lenyewe halina ugumu. Kigiriama hutumia ka- kwa kitu kidogo, kwa hivyo Kazungu ni mzungu mdogo, Kahindi ni Mhindi mdogo, na charo ni safari. Yule kijana wa bodaboda, Kazungu wa Kahindi, ni Mzungu Mdogo mwana wa Mhindi Mdogo, na safari yake ndefu kabisa ni Mariakani. Siku moja aliwapeleka watalii wawili wa Kitaliano kwenye mkahawa wa kaa ulioko juu ya mikoko, ule wa kikundi cha kijiji, wakamwuliza jina lake lina maana gani. Akawaeleza. Mmoja akacheka mpaka akatoa pasipoti: jina lake la ukoo kwa Kitaliano nalo ni la weupe. Wakapigwa picha pamoja, Mzungu Mdogo na Mzungu Mweupe, na hiyo picha iko ukutani kwa shemeji karibu na kalenda.

Ubishi wa nyumbani si maana. Ubishi ni nani alikuwa wa kwanza, na hapo usikae kati yao ukiwa na njaa, maana chakula hakitapakuliwa. Baba mkwe anashikilia kwamba Kazungu wa kwanza alizaliwa siku mzungu alipopita bomani akaomba maji, akanywa, akashukuru kwa ishara na kwenda zake. Shangazi, dadake, anasema huo ni uongo wa wanaume. Mtoto alitoka mwekundu kupita kiasi, mkunga akasema, "Hebu oneni kazungu haka," na likaganda. Mume wangu, ambaye husoma, hutia miaka kwenye ubishi, na miaka haijawahi kumshindia kitu. Anasema wazungu waliokaa na Wamijikenda kwanza ni wamishenari: Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakaenda kukaa Rabai. Wareno walitia nanga Malindi tangu 1498, nguzo yao iko pale pale pwani kwetu Shela watoto wanaichezea, lakini hawakuingia bara kuomba maji kwa Wagiriama. Kwa hivyo, asema mume wangu, Kazungu ni jina la juzi, Charo ndilo la kale, maana watu walisafiri kabla ya kuona mzungu. Babake humjibu, "Basi wewe Charo ni mkubwa kuliko mimi. Nikuamkie?"

Mimi, mtoto wa Shela, sina la kuwacheka. Kwetu tunawaita watoto Juma na Khamis kwa siku waliyozaliwa, na Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa miezi. Wagiriama wana juma lao la siku nne, na ile ya mapumziko, Jumwa, imewapa wasichana wengi jina. Na pwani nzima utawakuta akina Mashaka, Shida na Tabu. Mara nyingi ni watoto waliokuja baada ya wenzao kufa, wakapewa jina baya ili mauti iwapite ikidhani hawana thamani. Mtu anapozaliwa, kilichokuwa mlangoni wakati huo humganda: mwezi, njaa, mgeni. Kwamba mgeni aliyesimama mlangoni kwa Wagiriama alikuwa mzungu, na kwamba walimtazama wakamwona mdogo, hilo mimi hulipenda. Sasa jina limesambaa, akina Kazungu wako kila mahali, na hata Baraza la Mawaziri walifika. Kazungu Kambi alikuwa waziri wa leba kuanzia 2013, na siku alipotajwa kwenye redio baba mkwe aliitika.

Mimi mwenyewe hapa sina jina. Naitwa Mekazungu, mama wa Kazungu, na mwanzoni nililalamika kwamba nimepoteza jina langu kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado hajui hata kutambaa. Mama mkwe akanambia nitembee Malindi nikaangalie sanamu. Mwanamke aliyewakataza Wagiriama kulipa kodi na kutoa vijana wao kwa Waingereza mwaka 1913, aliyekamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu, alizaliwa Mnyazi wa Menza. Nani anamjua Mnyazi? Kenya nzima inamjua Mekatilili, mama wa Katilili. Katilili mwenyewe, maskini, historia haina habari naye. Alichofanya ni kuzaliwa. Tangu hapo nimelikubali langu, ingawa sina kodi niliyokataa.

Sasa mkasa mkubwa. Huo ulianzia kwenye simu.

Usiku, wakati sisi tumelala na bando zimekwisha, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ukaingia ujumbe: "Ndugu, tumepatwa. Kazungu Charo wa Dabaso hatunaye tena. Mipango iko nyumbani." Aliyeutuma alikuwa Mtwapa, naye aliupata kwa mtu wa stendi ya Gede, naye yule aliupata kwa mtu mwingine. Ukoo wa Kigiriama haulali juu ya habari ya namna hiyo. Kufikia saa sita za usiku mweka hazina alikuwa amekwisha patikana, namba ya kuchangia imetumwa, na matatu ya kutoka Mombasa imekodishwa. Yule asiyejua msiba wa Kigiriama nimwambie: hauna aibu. Ni turubai, ni sufuria za kupikia mtaa mzima, ni mnazi kwa wanywao, ni ngoma za kifudu kwa wanaozijua bado, ni siku kadhaa. Mtu akizikwa kimya, watu huuliza aliwakosea nini.

Kabla ya adhana ya alfajiri tukasikia vilio. Wanawake wa kutoka Ganze waliteremka kwenye pikapu barabarani na kuingia bomani wakilia, mmoja akijitupa chini pale pale penye makuti ya mzee ya kusuka. Mama mkwe akatoka mbio. Hakuuliza ni nani aliyekufa. Mtu anayelia humuulizi, kwanza unalia naye. Akashika kichwa akaanza. Mimi nami nikatoka na kanga moja, nikaanza. Wifi wakaanza. Tulilia vizuri sana, kila mmoja akimlilia mtu aliyemdhania. Mimi nilikuwa namlilia shangazi wa Kaloleni ambaye alikuwa mgonjwa.

Baba mkwe alitoka wa mwisho, kikoi kiunoni, tochi mkononi. Gizani, katikati ya vumbi na vilio, hakuna aliyemtambua. Akavuta kigoda akakaa kando kama inavyompasa mwenye mji, akasema, "Poleni. Poleni sana." Aliniambia baadaye alivyofikiri: kuna mtu wa karibu amekufa na hawataki kumwambia kwa sababu ya presha yake. Kwa hivyo akaamua kuwasaidia kumficha. Hakuuliza.

Kulipopambazuka lori likaingia na maturubai, viti vya plastiki, sufuria zile kubwa zenye majina ya vikundi vya akina mama, mchele, sukari na kuni. Vijana walioteremsha ni wa Mombasa, watoto wa ndugu za baba mkwe waliomjua kwa jina tu. Wakamwamkia, wakamwomba awaonyeshe pa kusimamisha turubai. Akawaonyesha. Wakamwuliza kaburi litachimbwa wapi. Akafikiri kidogo, akawapeleka nyuma ya mkorosho, akawaambia hapo udongo ni laini na kuna kivuli. Wazee wawili waliokuwa wamefika wakikumbatia bakora zao, macho yao hayaoni vizuri, wakaanza kujadili kama marehemu alikuwa wa chama cha wazee cha Gohu na kama atachongewa kigango, nguzo ya ukumbusho. Hapo baba mkwe akaingilia. Vigango, akasema, acheni kabisa. Mnachonga, mnasimika, usiku wezi wanang'oa, mnasikia kiko kwenye jumba la makumbusho Marekani. Na kweli mambo hayo yametokea: mwaka 2007 vilirudishwa viwili vilivyoibwa katika boma moja la Kigiriama miaka ya 1980, na mwaka 2019 vikaja thelathini vilivyokuwa Denver. "Marehemu hatataka kupanda ndege," akasema. Wazee wakakubali.

Kisha akamwita mweka hazina, kijana aliyevaa koti la suti juu ya kaptula, amsomee daftari la michango, maana mwenye mji lazima ajue. Mimi nilikuwa karibu, namimina chai. Kijana akafungua, akasoma kwa sauti ya tangazo: "Michango ya mazishi ya marehemu Kazungu Charo, Dabaso."

Baba mkwe akasema, "Kazungu Charo yupi?"

"Wa hapa, mzee."

"Hapa tuko wawili."

Kijana hakuelewa. Mimi nilielewa, na chai ikanimwagikia mguuni. Baba mkwe amekwisha pita miaka themanini, huinuka kwa awamu, mkono kwenye goti kwanza, kisha bakora, kisha dua. Siku ile sikumwona akiinuka. Nilimwona tu amefika mlangoni kwangu, amelisukuma pazia, na bakora ameiacha nyuma imeanguka kwenye sukari. Nikamfuata. Mwanangu alikuwa amelala chali, mguu mmoja nje ya chandarua, mdomo wazi, kelele zote zile hazijamwamsha. Babu akauinamia ule mguu, akaushika wayo kwa kiganja, akaukaza. Mtoto akaurudisha ndani akageukia ukutani.

Mzee akakaa pale kitandani muda. Pumzi ilipomrudia akatoka, akarudi kwenye kigoda chake, akaomba bakora yake, akatia tumbaku mdomoni, akamwambia kijana, "Endelea kusoma."

Akasomewa. Kila jina akitikisa kichwa au akiguna. Huyu elfu mbili, sawa, nilimsomesha. Huyu elfu moja, ana haki, mwaka huu mvua haikumtendea wema. Wakafika kwa binamu yake mmoja wa Kisauni mwenye nyumba za kupangisha, ambaye wamekua pamoja, wamechunga pamoja, na ambaye mzee alimwazima ng'ombe wa mahari. Shilingi mia moja.

"Rudia."

"Mia moja, mzee."

"Andika vizuri tarehe," akasema baba mkwe.

Kufikia hapo mmoja wa wale akina mama wa Ganze alikuwa amemtambua, na vilio vikageuka vingine kabisa, maana kuna wanaokimbia maiti ikisema na kuna wanaoikimbilia. Mume wangu, anayelinda hoteli Watamu usiku, alifika na baiskeli katikati ya hayo. Aliona turubai, akaona viti, akaona watu wanamshikashika babake mabega, akaketi barabarani. Ndiye aliyepiga simu na kupata ukweli. Alikuwapo Kazungu Charo mwingine, mzee wa rika la baba mkwe, aliyezaliwa Dabaso na kuhamia ng'ambo ya barabara kuu, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Alifariki jioni iliyotangulia, kwa uzee, amelala. Ujumbe haukuwa wa uongo. Tatizo ni kwamba kila aliyeupokea alimjua Kazungu Charo wake.

Baba mkwe alinyamaza. "Somo yangu," akasema. Walikuwa wakitega kaa pamoja kwenye mikoko walipokuwa vijana, na mamake yule naye alikuwa akimwita baba mkwe "mwanangu," kwa ajili ya jina.

Lakini boma halikuwa na nafasi ya kunyamaza. Saa nne ikaingia shule. Mwalimu alikuwa ameita daftari, mwanangu hayupo, na mtoto mmoja akasema kwao wanamlilia Kazungu Charo. Darasa zima likaja kwa mstari, sare na soksi, wakiimba, na mikate ya kutupa pole ikiwa kwenye karatasi. Mwanangu, ambaye alikuwa amekataa kwenda shule kwa kuwa nyumbani kuna wali, alitoka kuangalia ni nini. Akawaona wenzake, akajiunga mwisho wa mstari akitaka kujua aliyekufa ni nani, na akapewa mkate kabla mwalimu hajamwona. Upande wa pili wa uwanja mama muuza mahamri wa stendi alikuwa amekaa chini akimlilia yule wa bodaboda, na katika maombolezo yake akitaja deni, mwezi baada ya mwezi. Akaja na msichana mmoja wa Watamu, hakuna aliyemjua, akilia kutuzidi sisi wote. Kijana mwenyewe alipofika na pikipiki kuuliza kuna nini, msichana alimkumbatia kwanza, akamzaba kofi baadaye, na mama wa mahamri akamshika ukosi. Shemeji yangu Kahindi alitazama hayo yote akasema afadhali mwanawe angekuwa ndiye.

Baba mkwe akaamuru lori lipakiwe upya. Turubai, viti, sufuria, nusu ya mchele, sukari yote isipokuwa ile iliyoangukiwa na bakora, vyote vikapelekwa kwa somo yake, naye akapanda mbele na dereva. Ukoo wetu na ule si mmoja, na wapo walionung'unika kwamba wamechangia Kazungu wao akazikiwa Kazungu wa watu. Mzee akawajibu kwamba jina walilochangia ndilo hilo litakalozikwa, na anayetaka kurudishiwa aje amwambie yeye marehemu uso kwa uso. Nusu ya mchele uliobaki ulikuwa umekwisha bandikwa, ukaliwa. Na kuku wa mama mkwe, yule asiyeguswa hata kwa macho, tulikuja kugundua jioni kwamba wageni wa Mombasa walimchinja wa kwanza kabisa. Mama mkwe aliyebaki bila chozi siku nzima baada ya kugundua mumewe yu hai, kwa yule kuku alilia.

Kesho yake mzee alivaa shati jeupe akaenda kwa naibu wa chifu kabla ofisi haijafunguliwa. Hakwenda kulalamika. Alikwenda kuonekana. Ile pesa ya serikali kwa wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, hakutaka habari za kifo zifike huko kabla yake. Akasalimia kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, akiuliza habari za nyumbani, na akarudi akiwa amechoka.

Wakati huo mke wa shemeji yangu mdogo alikuwa na mimba ya kwanza, amekaribia. Tulikaa kikao chini ya mkorosho. Mimi nikasema, kwa heshima zote, labda jina lipumzishwe. Mtoto akiwa mvulana apewe la ndugu ya babu, au la mtu wa mpira kama mama yake alivyotaka. Mume wangu akaniunga mkono, hata shangazi akaguna kwa kukubali, jambo ambalo si la kawaida. Baba mkwe akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mlinizika bila kuniuliza," akasema. "Huyu mtamtaja kwa kuniuliza."

Akazaliwa mvulana, kilo tatu na ushee. Kazungu. Kwa sasa boma linamwita Kazungu wa Turubai, na mama yake hapendi.

Daftari la michango mweka hazina alilisahau siku ile, au alidhani amelisahau. Mzee hulihifadhi kwenye mkebe pamoja na tumbaku na kitambulisho. Mgeni akija kutoka mbali hulichomoa, huvaa miwani, hulipekua polepole huku akimwuliza habari za safari, kisha huniita: "Mekazungu, mtilie mgeni chai." Nami nimekwisha jifunza kumtazama uso kabla sijagusa sukari. Binamu wa Kisauni alikuja Idi iliyopita, na familia yake yote, gari jipya. Alikunywa ya rangi, kavu, akasema ni tamu sana.